Gia za Kigurudumu cha Mshipi: Kasi au Nguvu?

Mwendesha baiskeli anayepanda vilima vya Bulyaga, mjini Tukuyu, huchagua gia nyepesi: hukubali kwenda polepole ili apate nguvu. Kanuni hiyo humwongoza pia mvuvi wa ndoana achaguapo kigurudumu cha kukunjia mshipi, awe anavua mbasa wa Ziwa Nyasa au muskellunge, samaki mkubwa wa Amerika ya Kaskazini.

Uwiano wa gia ukiwa 5:1, mzunguko mmoja wa wenzo huzungusha bobini mara 5. Chukulia kwamba nusu kipenyo cha bobini pamoja na mshipi ni sentimita 2, wenzo una urefu wa sentimita 6, na mkono unausukuma kwa nyutoni 20. Msuguano ukiachwa, mshipi huvutwa kwa nyutoni 12, na kila mzunguko hukunja sentimita 63. Kwa uwiano wa 7:1, hukunjwa sentimita 88, lakini nguvu hushuka hadi nyutoni 8.6.

Kwa hiyo chambo bandia kikubwa, ambacho hukinzwa sana na maji, huhitaji uwiano mdogo. Hata hivyo, mwenye kigurudumu cha 7:1 si lazima anunue kingine. Akifunga wenzo wa sentimita 8, atapata nyutoni 11.4. Faida hiyo si ya bure: mkono wake sasa huzunguka duara kubwa zaidi.

Zoezi: Samaki akikimbia na mshipi hata nusu kipenyo kikabaki sentimita 1.5, nguvu ya kuvuta na urefu unaokunjwa hubadilikaje?