SOMO LA AFYA: NGIRI, NA NJIA MBILI ZA KUIPASUA



Katika kazi yetu ya chama pande zote mbili za mpaka, Busia na Tororo, hakuna ugonjwa unaofichwa na wanaume kama ngiri. Mpakiaji wa saruji, mkata miwa, tanboi wa malori, wote hubeba mizigo, na mfuko mmoja wa saruji una kilo 50. Akiota uvimbe kinenani huufunga kwa mkanda, akanyamaza, kwa kuogopa kuchekwa na kwa kuogopa kuachishwa kazi. Mwezi huu basi tusome habari za ngiri.

Ngiri ni nini? Ukuta wa tumbo umetengenezwa kwa nyama na ngozi ngumu ya ndani. Penye udhaifu, hasa kinenani, hutokea tundu, na kipande cha utumbo husukumwa nje kupitia hapo. Ukilala, uvimbe hurudi ndani. Ukiinua mzigo au ukikohoa, hutokeza tena. Wengine huzaliwa na udhaifu huo, na mizigo huutokeza. Si ugonjwa wa laana, wala hautokani na wanawake kama wasemavyo wazee wengine vilabuni. Dawa ya kunywa ya kuziba tundu hilo haipo, na mkanda huzuia tu uvimbe usitoke. Kinachoponya ni upasuaji.

Hatari kubwa ni utumbo kunaswa katika tundu na kukosa damu. Hapo uvimbe huwa mgumu, huuma sana na haurudi ndani, na mgonjwa hutapika na kukosa choo na hata upepo. Mtu wa namna hiyo asingoje asubuhi wala asingoje mshahara. Apelekwe hospitali usiku ule ule, maana utumbo huoza kwa muda wa saa chache.

Sasa tuje kwenye njia mbili ambazo wanachama wanatuuliza, kwa kuwa wengine wameambiwa na jamaa zao wa Nairobi na Kampala kwamba siku hizi ngiri hutibiwa "bila kupasuliwa". La hasha, kisu kipo.

Njia ya kwanza ni ya wazi. Daktari hukata mara moja kinenani, sentimita chache, akarudisha utumbo ndani na kuliimarisha tundu. Zamani alishona nyama kwa nyama tu, kama alivyofundisha Bassini wa Italia katika miaka ya 1880. Tangu miaka ya 1980 ikaenea desturi ya kuweka kiraka cha wavu, na ngiri zinazorudi zikapungua. Faida yake kwetu ni kwamba yaweza kufanywa kwa ganzi ya mahali pale pale, mgonjwa akiwa macho, na mara nyingi akarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Njia ya pili ni ya matundu madogo, kwa kawaida matatu. Tumbo hujazwa hewa, huingizwa kamera nyembamba, na daktari huweka wavu kwa ndani huku akitazama kioo. Hiyo huhitaji nusukaputi, mitambo ya bei kubwa na fundi aliyezoea. Maumivu ya siku za kwanza huwa kidogo zaidi, na mtu hurudi kazini mapema kidogo. Inafaa hasa mwenye ngiri pande zote mbili, au ile iliyorudi baada ya kupasuliwa kwa njia ya wazi.

Lakini tusidanganyike na upya wa mtambo. Mwaka 2004 yalitangazwa matokeo ya hospitali za askari wastaafu wa Marekani: baada ya miaka miwili, ngiri zilizopasuliwa kwa mara ya kwanza zilirudi kwa watu 10 katika 100 wa njia ya matundu, na kwa watu 4 hivi katika 100 wa njia ya wazi. Madaktari waliokwisha kufanya zaidi ya 250 za matundu walipata matokeo mema zaidi. Maana yake, muulize daktari amefanya ngapi.

Tena tuna habari ya kwetu. Huko Kamuli, mashariki ya Uganda, wanaume 302 walipasuliwa kwa njia ya wazi na kwa ganzi. Nusu waliwekewa wavu wa kiwandani wa zaidi ya dola 100, na nusu wavu wa kitambaa cha chandarua kilichochemshwa kwa mtambo wa hospitali, wa bei ya dola 1 hivi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2016: baada ya mwaka mmoja ngiri ilimrudia mtu mmoja tu wa chandarua. (Asije mtu akampelekea daktari neti ya kitandani kwake!) Kwa hiyo anayeambiwa auze ng'ombe ili aende kwenye matundu Kampala, na ngiri yake ni ya upande mmoja, ya mara ya kwanza, aulize kwanza hospitali iliyo karibu.

Baki swali la kazi, na hapa mpaka watugawa. Sheria ya Kenya ya 2007 humpa aliyefanya kazi miezi miwili siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu, kila mwaka. Sheria ya Uganda ya 2006 humpa aliyemaliza mwezi mmoja kazini mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa, ila miezi miwili ikiisha bado mgonjwa, mwajiri aweza kumwachisha. Kinachokushika ni upande unakofanya kazi, si unakolala. Siku 14 za Kenya hazimtoshi mtu anayerudi kubeba kilo 50, iwe amepasuliwa kwa njia gani. Mwombe daktari aandike katika cheti, kwa maneno yake, ni wiki ngapi usiinue mzigo, kisha umletee mwakilishi wako nakala kabla ya kukipeleka ofisini, ili tukudaiye kazi nyepesi kwa wiki hizo.