Hiari Yashinda Utumwa: Kutawala na Kutii kwa Ridhaa kati ya Watu Wazima

Kijitabu hiki ni cha nani

Kijitabu hiki ni cha watu wazima waliotimiza miaka 18, walio katika ndoa au uhusiano ambamo mmoja hupenda kuongoza na mwenzake hupenda kuongozwa. Ni cha muuguzi, mshauri nasaha, kiongozi wa dini au somo anayeulizwa maswali haya faraghani akakosa la kujibu. Na ni cha yule anayeambiwa kila siku "si tulikubaliana?" ilhali moyo wake unajua kwamba hakukubali.

Hatumshawishi mtu aanze jambo hili, wala hatumhukumu aliye ndani yake. Tunataka msomaji aweze kutenganisha mambo mawili yanayofanana kwa nje lakini tofauti kabisa kwa ndani: utii wa hiari na unyanyasaji.

Jambo lenyewe ni lipi

Wapenzi wawili hupatana kwamba kwa muda fulani, katika mambo fulani, mmoja atatoa maagizo na mwingine atayafuata. Kwa baadhi yao ni la chumbani tu, na halizidi saa moja. Kwa wengine huingia katika mambo madogo ya nyumbani: nani apange jioni yao, nani achague nguo, nani asubiri kuambiwa. Wapo wanaoongeza kufungwa mikono au adhabu za kuigiza, na wapo wasiogusa hayo kamwe.

Huko Ulaya na Marekani baadhi ya wapenzi wa aina hii huitana "bwana" na "mtumwa". Kwetu maneno hayo yana makovu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1897, ingawa masuria hawakuingizwa katika amri hiyo. Hakuna aliyesimamishwa pale sokoni akaulizwa anakubali nini na anakataa nini. Hakuna aliyekuwa na neno la kusimamisha mnada. Ndiyo maana wazee walisema hiari yashinda utumwa: kazi inaweza kuwa ileile, mzigo uleule, lakini aliyechagua na aliyelazimishwa hawako mahali pamoja.

Katika kijitabu hiki tutasema *mwenye kuongoza* na *mwenye kutii*. Na tutashika jambo moja toka mwanzo hadi mwisho: mamlaka anayopewa mwenye kuongoza ni amana. Amana haihamishi umiliki. Hutunzwa, haitumiwi nje ya masharti ya mwenyewe, na akiitaka hurudishwa saa ileile.

Uhuru unatoka wapi?

Msomaji atauliza: mtu anapataje uhuru kwa kutii? Chukua mfano wa mama anayesimamia wodi. Toka alfajiri anaamua: nani apewe kitanda, nani apigiwe simu, dawa ipi imeisha. Akirudi nyumbani, watoto na ndugu wanangoja aamue tena. Akikubaliana na mume wake kwamba Ijumaa usiku yeye hataamua chochote, anautua mzigo huo mikononi mwa mtu anayemwamini. Anapumzika kama abiria anayelala safarini kwa sababu anamjua dereva.

Lipo na la ndani zaidi. Ili mapatano haya yafanyike, kila mmoja hulazimika kutamka waziwazi anachotaka, anachoogopa na asichokitaka kabisa. Wanandoa wengi huishi miaka 20 bila kuambiana maneno hayo. Mtu aliyelelewa akiamini kwamba mke mwema hakatai, au kwamba mwanamume hapaswi kuonyesha udhaifu, huenda hapa ndipo anaposema "hapana" kwa mara ya kwanza, na hiyo "hapana" ikaheshimiwa. Mwenye kuongoza naye hujifunza kusoma uso wa mwenzake, kungoja, na kujizuia. Anayeshika amana hujifunza uaminifu kwa kuishika.

Lakini uhuru huu una sharti. Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu uhuru, alikataa hoja kwamba mtu anaweza kujiuza utumwani kwa jina la uhuru, kwa kuwa tendo hilo moja hufuta uhuru wote unaofuata. Basi mapatano yoyote yasiyoweza kuvunjwa na mmoja wenu leo hii si mapatano ya watu huru, hata yakiwa na sahihi mbili.

Je, ni ugonjwa?

Kwa zaidi ya miaka 100 madaktari wengi walisema hivyo. Shirika la Afya Duniani lilibadili msimamo wake katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022: mwelekeo huu kati ya watu wazima wanaoridhia uliondolewa katika orodha ya matatizo ya akili. Kilichobaki humo ni kumtendea mtu asiyeridhia.

Utafiti mkubwa wa Australia, uliochapishwa mwaka 2008 na kuhusisha watu zaidi ya 19,000, haukuona kwamba wanaoshiriki walikuwa wamelazimishwa kingono zaidi ya watu wengine. Wa Uholanzi wa mwaka 2013, uliowahoji washiriki 902, uliwakuta wakiwa na afya ya nafsi isiyopungua ya watu wengine. Waliojibu huko Uholanzi walijitolea wenyewe, kwa hiyo majibu yao hayawasemei watu wote. Yanatosha kuonyesha kwamba kupenda jambo hili peke yake si dalili ya maradhi.

Nguzo tano za mapatano

Mwaka 1983 chama cha wanaume mashoga cha New York kiitwacho GMSMA kilianza kutumia kanuni ya mambo matatu: usalama, akili timamu na ridhaa. Kanuni hiyo ilienea dunia nzima. Kutokana nayo na uzoefu uliofuata, nguzo ni hizi:

1. Zungumzeni kabla. Msizungumze mkiwa mmelewa, mmekasirika au tayari mko kitandani. Kila mmoja ataje anachotaka, anachoweza kujaribu, na asichokubali kabisa. Hicho cha mwisho hakijadiliwi tena.

2. Wekeni neno la kusimamisha. Wengi hutumia taa za barabarani: "kijani" ni endelea, "njano" ni punguza, "nyekundu" ni acha sasa hivi. Anayeweza kushindwa kusema apewe ishara ya mkono au kitu cha kudondosha. Neno hili ni la wote wawili. Mwenye kuongoza naye huchoka na huogopa.

3. Jueni hatari. Aliyefungwa haachwi peke yake, na mkasi uwe karibu. Vidole vikifa ganzi, fungua. Kukaba shingo hakuna njia salama: damu ikizuiwa kwenda kwenye ubongo mtu huweza kuzimia ndani ya sekunde chache, na madhara huweza kujitokeza siku kadhaa baadaye.

4. Tunzaneni baadaye. Maji, blanketi, kukumbatiana, maneno ya upole. Wengine hulia au huingiwa na huzuni siku inayofuata. Ulizaneni hali kesho yake.

5. Pitieni upya. Ridhaa ya jana si ya leo. Kaeni kila baada ya muda muulizane: kipi kibaki, kipi kiondoke?

Mazungumzo ya kwanza yanavyoweza kwenda

— Mume wangu, kuna jambo nataka tulizungumze, na sitaki unijibu leo.

— Nakusikiliza, mke wangu.

— Kuna wakati natamani wewe uamue kila kitu, mimi nifuate tu. Usiku mmoja. Lakini nikisema "nyekundu", yaishe.

— Nikikosea je?

— Utaniuliza, nami nitakwambia.

Aliyeanza alitaja anachotaka, akaweka mpaka, akampa mwenzake muda. Na aliyejibu hakujidai kujua.

Hapa hakuna ridhaa

Mila ikimwamuru mke atii, hilo si jambo tunalolizungumzia. Utii wa hiari huchaguliwa na anayetii; haurithiwi, haununuliwi kwa mahari. Tambua dalili hizi:

- Neno la kusimamisha limepuuzwa, au ukilitumia unanuniwa au unaadhibiwa.
- Anashika simu yako, mshahara wako, pasipoti yako au funguo za nyumba bila wewe kutaka.
- Anakutenga na wazazi, ndugu na marafiki.
- Anatishia kusambaza picha zako au kukutangaza.
- Anasema "mtii wa kweli hana mipaka".
- Mapatano yaliyokuwa ya Ijumaa sasa ni ya kila siku, na hukumbuki ulikubali lini.

Jiulize swali moja: *nikikataa leo, kesho nitaamka salama, nikiwa na paa, chakula na heshima yangu?* Kama jibu ni hapana, amana imeporwa.

Sheria inasemaje

Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya ya mwaka 2006, kifungu cha 42, inaeleza kwamba ridhaa ni kukubali kwa kuchagua, ukiwa na uhuru na uwezo wa kufanya uchaguzi huo. Aliyetishwa hana uhuru huo. Aliyelewa chakari hana uwezo huo.

Wasomaji wetu wanaoishi Uingereza na Wales wajue kwamba sheria ya mwaka 2021 kuhusu unyanyasaji wa nyumbani haikubali utetezi wa "aliridhia" pale mtu anapopata jeraha kubwa kwa ajili ya starehe ya kingono. Ridhaa huhalalisha mengi, lakini haihalalishi kila dhara.

Ukihitaji msaada

Tanzania, nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini. Fomu ya PF3 hutolewa na polisi. Kenya, piga simu 1195. Ukilazimishwa kingono, fika hospitali kabla ya saa 72 kupita, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufanya kazi vizuri zaidi zikiwahiwa. Huhitaji kueleza kwa nini ulikubali mwanzoni. Kukubali jambo moja si kukubali yote.

Neno kwa msomaji

Ukiwa mwenye kuongoza, kumbuka kwamba ulichopewa si chako, mwenyewe anakingoja. Ukiwa mwenye kutii, usiogope kukidai. Leo jioni, kabla ya jambo lolote, kaeni chini muulizane swali hili: "Ukitaka kuacha, utaniambiaje?" Kama wote wawili mna jibu, na wote wawili mnaliamini, mko huru.