Si Vidole vya Babu, ni Shingo ya Gitaa

Wenzangu katika toleo hili wameandika juu ya ngeli, methali na mashairi. Mimi niliomba nafasi niandike juu ya gitaa bovu. Mwalimu mlezi wa chama aliniuliza, "Gitaa na Kiswahili wapi na wapi?" Nikamjibu kwamba ugonjwa wowote unaweza kuelezwa kwa Kiswahili, hata wa mbao. Akacheka, akanipa ukurasa.

Babu yangu ana gitaa la boksi, yaani lile lisilotumia umeme. Alilinunua kabla baba hajaoa. Huku kwetu Magharibi gitaa la namna hiyo si kitu kigeni. Ndiko alikotoka George Mukabi aliyevuma kwa mtindo wa omutibo miaka ya 1950. Babu naye alikuwa akiupiga mtindo huo kila jioni, lakini miaka minne iliyopita aliacha. "Vidole vimezeeka, mjukuu wangu," akasema, na gitaa likatundikwa jikoni, juu ya meko. Nani angebishana na babu kuhusu vidole vyake mwenyewe?

Likizo ya Agosti nililishusha nikafuta masizi. Kujaribu kubonyeza uzi, lo! Vidole vyangu vya miaka kumi na sita navyo viliuma. Nyuzi zilikaa juu kama waya za kuanikia nguo. Nikajiuliza, je, kama tatizo halikuwa babu?

Kumbe babu alikuwa ameshalipeleka kwa fundi mmoja mjini. Huyo hakupima kitu. Alipoona nyuzi ziko juu, alichukua tupa akaupunguza ule mfupa mdogo wa kwenye daraja unaobeba nyuzi, akala pesa zake. Nyuzi zilishuka kidogo, kisha zikapanda tena. Alitibu mguu na hali kichwa ndicho kilichouma.

Basi tuanze na kupima, maana hapo ndipo penye kazi. Wajua vile vyuma vyembamba vilivyolala vikikata shingo? Hivyo huitwa freti. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza, na kwa mkono wa pili uubonyeze pale shingo inapokutana na boksi. Uzi ukivutika hivyo huwa rula, maana haupindi. Sasa tazama freti ya saba. Pakiwa na nafasi ndogo chini ya uzi, unene wa karatasi tatu hivi za daftari, shingo ni nzima. Uzi ukilalia freti zote, shingo imenyooka kabisa au imebinukia nyuma. Nafasi ikiwa kubwa, shingo imepinda mbele kama upinde. Ya babu ilikuwa na milimita 2!

Sababu hazikuwa mbali. Nyuzi za chuma sita zikikazwa huvuta shingo kwa nguvu inayoweza kufika kilo 70, usiku na mchana, hata gitaa likiwa limelala tu. Juu ya hayo babu alikuwa ameweka nyuzi mbili zilizochomolewa kwenye waya wa breki ya baiskeli. Na lile joto la meko hukausha mbao na kulegeza gundi. Tafadhali, gitaa si nyama ya kukausha.

Magitaa mengi ya nyuzi za chuma yana ufito wa chuma ndani ya shingo wa kushindana na mvuto huo. Mengine ya zamani hayana, na hayo lazima yaende kwa fundi wa kweli. La babu lilikuwa nao: nilipofungua kifuniko cha plastiki kichwani mwa gitaa niliiona nati yake, ina kutu. Fundi wa baiskeli wa hapa kituoni aliniazima boksi spana. Nililegeza nyuzi, nikatia tone la mafuta, nikaizungusha nati kuelekea kulia robo mzunguko tu. Kisha nikakaza nyuzi, nikaacha hadi kesho yake nipime upya. Hapa haraka haraka haina baraka kweli kweli: nati ikigoma ukailazimisha, ufito unakatika, na gitaa limekwisha. Siku ya pili iligoma kidogo, nikatoka jasho, nikaiacha. Ilichukua siku nne shingo kunyooka.

Nikadhani nimemaliza. Wapi! Nyuzi sasa zilikuwa chini mno, zikanguruma kila mahali, kwa sababu ule mfupa ulikuwa umeshakatwa bure. Ilinibidi niombe mfupa wa ng'ombe kwa mwuza nyama, niuchemshe, niukaushe, niusugue kwa msasa. Ukitaka uzi upande milimita 1 kwenye freti ya 12, mfupa lazima uongezwe 2. Nilikosea hesabu hiyo nikatengeneza miwili. (Mwalimu wa Hisabati asisome hapa.)

Ulibaki mngurumo mmoja, uzi ukibonyezwa kwenye freti ya nne. Mwenye kosa si freti unayobonyeza bali inayofuata kuelekea tunduni, kwa maana ndiyo uzi unayoigonga. Chukua kitu kifupi kilichonyooka kinacholalia freti tatu kwa mpigo. Kikicheza kama bembea, ya katikati imeinuka. Ya tano ilikuwa imeng'oka upande mmoja. Nilitia tone la gundi, nikaweka kipande cha mti juu yake, nikagonga polepole kwa nyundo ndogo.

Freti tatu za kwanza zina mabonde yaliyochimbwa na nyuzi kwa miaka mingi ya omutibo. Kuzisawazisha ni kuzipiga tupa zote pamoja, na mimi sijathubutu.

Jumamosi jioni nilimpa babu gitaa, nikanyamaza. Alilikaza, akaweka vidole, akabonyeza. Akanitazama. Akabonyeza tena, safari hii akapiga, kidole gumba kikitembea chini na cha shahada juu. Nyanya alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Umefanya nini hapa?" babu akauliza.

"Shingo ilikuwa imepinda, babu."

"Miaka minne yote?"

Hakungoja jibu. Aliendelea kupiga mpaka ugali ukapoa.