Si Kila Asiyekula Amefunga



Mwaka jana nilikaa hosteli hapa Mbarara na dada mmoja wa kwetu Juru, kambini Nakivale. Baada ya Ramadhani alifunga sita za Shawwal. Akaendelea na Jumatatu na Alhamisi, kisha siku moja ndiyo moja hapana, mwisho kila siku. Sisi tukisema mashaallah. Magharibi ikiingia anakula tende moja, anasema ameshiba, na sisi tunagawana posho na maharage yake. Miezi ikapita bila yeye kupata udhuru wa sala hata siku moja, na hilo pia tukalihesabu ucha Mungu. Siku alipoanguka kwenye ngazi ndipo tulipojua kwamba hedhi yake ilikuwa imekatika. Leo anaendelea vizuri, alhamdulillah, na ameniruhusu niandike haya bila kumtaja.

Tuanze kwa kutofautisha. Wengi wetu tuna wazazi Nakivale ambao mgao wao umepunguzwa. Ile ni njaa, na dawa yake ni chakula. Maradhi ya ulaji ni kitu kingine: chakula kipo, lakini akili imekigeuza adui au kimbilio. Ni maradhi ya akili yanayoumiza mwili. Ndiyo maana dada yetu alinyamaza. Aliniambia, "Ningemwambiaje mama kwamba siwezi kula, na yeye yuko kwenye foleni ya mgao?"

Aina zinazojulikana zaidi

1. *Anoreksia.* Mgonjwa hujinyima chakula mpaka anakonda kupita kiasi, na bado huona anakula mno. Daktari William Gull wa London aliipa jina hilo mwaka 1873. Mapigo ya moyo hupungua, mifupa hudhoofika, hedhi hukatika.

2. *Bulimia.* Mtu hula chakula kingi kwa pupa, kisha hujitapisha, hunywa dawa za kuharisha au hujinyima siku zinazofuata. Gerald Russell aliieleza mwaka 1979. Uzito unaweza kuwa wa kawaida, kwa hiyo watu hawatambui.

3. *Ulaji wa kupindukia.* Mtu hula sana, mara nyingi kwa siri, hawezi kujizuia, kisha huona aibu, lakini hajitapishi. Aliyekua na njaa naye anaweza kuangukia hapa chakula kinapopatikana.

Wanaume pia huugua. Wala si "ugonjwa wa wazungu". Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa wanafunzi wa kike 668 wa sekondari kaskazini mashariki mwa Ghana. Kumi kati yao walikuwa wamekonda kwa kujinyima chakula tu. Hawakuwa wakihofia unene. Wote kumi walikuona kujinyima huko ni jambo jema la kidini. Nilipousoma utafiti huo nilimkumbuka mwenzangu wa chumba.

Ibada au maradhi?

Saumu ina nia, ina daku, na ina mwisho. Aliyefunga hufurahi jua likizama. Mgonjwa huogopa futari. Aliyefunga huweza kuacha sunna akiumwa. Mgonjwa akiambiwa aache hutetemeka. Tumesoma darasani habari ya masahaba watatu, ambao mmoja wao aliazimia kufunga daima. Mtume (s.a.w.) aliwarudisha kwenye sunna yake, akisema kwamba yeye hufunga na hufungua. Na Salman alimkumbusha Abu Dardaa kwamba nafsi yake nayo ina haki juu yake.

Tiba

Tiba ipo na watu hupona, ingawa huchukua miezi au zaidi. Aliyekonda sana asishindiliwe chakula kingi ghafla: fosfeti katika damu inaweza kushuka na moyo ukasimama. Huongezwa kidogo kidogo chini ya uangalizi wa wataalamu. Kisha kuna tiba ya mazungumzo, ambamo mgonjwa hujifunza kuzitambua fikra zinazomwamrisha na kuzibadili. Kwa vijana wanaokaa nyumbani, wazazi hufundishwa kusimamia milo. Kwa bulimia, daktari anaweza kuandika dawa kama fluoksetini. Hapa Mbarara, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ina idara ya magonjwa ya akili. Aliyeko Nakivale aanzie kituo cha afya na aombe rufaa.

Na Ramadhani? Aya ya 184 na ya 185 za Suratul Baqara zimempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine, na maradhi ya akili ni maradhi. Daktari akisema saumu itakudhuru, usifunge, ukipona utalipa. Asiyetarajiwa kupona hutoa fidia. Dua na ruqya hazigombani na hospitali. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kimoja juu ya afya ya mwili na ya nafsi pamoja.

Ukimwona mwenzako hivi, usimsifu kwa wembamba wala kumtania kwa unene. Mwite faragha, mwambie ulichokiona, kisha mwambie, "Twende wote kwa daktari." Na siku ya miadi, nenda naye kweli. Sisi tulichelewa, nyinyi msichelewe.

Wallahu a'lam.