Kamera kubwa iliyotumika: kagua haya kabla hujatoa hela

Mimi nauza vitenge na mikoba mtandaoni kutoka hapa Tukuyu, na swali linalonifikia sana siku hizi ni hili: ninunue kamera ya midiamu fomati iliyotumika? Twende taratibu.

Midiamu fomati ni kamera yenye sensa kubwa kuliko za kawaida. Mfano Fujifilm GFX 50S ya mwaka 2017: sensa yake ni kama mm 44 kwa 33, wakati fulu fremu ni 36 kwa 24. Picha yake ina megapikseli 51.

1. Piga hesabu ya seti nzima. Bodi peke yake haipigi picha. Kuna lenzi zake maalumu, betri, chaja, kadi, na kompyuta yenye nguvu, maana faili ghafi moja linaweza kuzidi MB 50.

2. Kagua lenzi. Mulika tochi ya simu kwa nyuma. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi, achana nayo. Na kwa mvua na ukungu wetu wa Rungwe, hata lenzi nzima itunze kwenye chombo kinachobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

3. Kagua sensa. Weka f/16, piga picha ukuta mweupe. Vumbi linasafishika, mkwaruzo hausafishiki.

4. Linda hela. Kamera ikiwa Dar, mtume ndugu unayemwamini aende na kadi yake, apige picha 30 akutumie. Akiambiwa "tuma hela kwanza niipakie kwenye basi", aondoke.

Sasa jambo kubwa. Picha ya GFX 50S ina upana wa pikseli 8,256. Ukiipandisha Instagram inapunguzwa hadi kama 1,080. Mteja wako anaiangalia kwenye simu, tofauti haioni. Zile pikseli zinalipa pale tu mtu anapokulipa kwa mabango au machapisho makubwa.

Kama huna mteja wa aina hiyo, simu, mwanga wa dirishani na shuka jeupe vinatosha. Hela iliyobaki ongeza mzigo. Mtaji ukilala kwenye kamera, duka linakaa tupu.

Wewe bidhaa zako unazipiga picha kwa kutumia nini? Andika hapo chini tujifunze.