Somo la Mwezi Huu: Makaa, Umeme na Mkarafuu

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano uliopita mzee wetu mmoja alituuliza suali ambalo hatukulijibu vyema. Alisema: "Nyinyi mwatwambia habari za hewa ya dunia nzima. Mimi nina mikarafuu yangu na jiko moja. Yanihusu nini?" Suali lake ni la haki, na leo twataka kulijibu.

Kwanza tuujue msingi wa jambo. Kila mti una ukaa ndani yake, na mafuta ya dizeli kadhalika. Kitu hicho kinapochomwa, ukaa huungana na oksijeni, ikapatikana hewa ya ukaa. Hewa hii haionekani wala hainuki, lakini huzuia joto la ardhi lisitoke, mfano wa mtu aliyejifunika blanketi. Kabla ya viwanda vikubwa kuanza, katika kila sehemu milioni 1 za hewa, sehemu 280 hivi zilikuwa hewa ya ukaa. Leo zimepita 420.

Tutazame hesabu ndogo. Lita 1 ya dizeli haifiki kilo 1 kwa uzito, lakini ikichomwa hutoa hewa ya ukaa karibu kilo 2.7. Msistaajabu: uzito uliozidi ni wa oksijeni iliyochukuliwa hewani. Basi kumbukeni mashine za dizeli zilizokuwa zikitupa umeme hapa Pemba, mpaka ulipofika waya wa baharini kutoka Tanga mwaka 2010. Umeme tuupatao sasa watoka katika gridi ya taifa. Sehemu yake hufanywa kwa gesi, ambayo nayo hutoa hewa ya ukaa, na sehemu kubwa kwa nguvu za maji. Katika bwawa la Julius Nyerere, mto Rufiji, mashine zote 9 zilikamilika mwaka 2025, na nguvu zake ni megawati 2,115. Maji yanapozungusha mashine, hapana kinachochomwa.

Hayo ni ya serikali. Ama yetu sisi yako jikoni. Kupata kilo 1 ya makaa katika tanuu la udongo, huteketea kuni kilo 5 mpaka 10. Yaani mti mwingi umekwisha kuwa moshi kabla chungu hakijainjikwa. Na kuni za mafiga matatu, joto lake jingi hupotea pembeni, na moshi wake huingia vifuani mwa wake zetu na watoto.

Sasa twamjibu mzee wetu. Ni kweli, moshi wa jiko lako si kitu mbele ya moshi wa nchi kubwa. Lakini hasara yake yatufikia sisi: ziko pwani za Pemba ambako maji ya chumvi yameingia katika mashamba ya mpunga. Tena mti uingiao katika tanuu ni wetu. Mkarafuu hungojewa miaka mingi kabla ya kuzaa, na tanuu huumaliza kwa siku chache. Mwenye kuuza mkarafuu wake kwa mchoma makaa ameuza mavuno ya wajukuu zake.

Hatumwambii mtu atupe jiko lake leo. Twashauri haya:

1. Mwenye kutumia makaa apate jiko lenye udongo wa kuchomwa ndani. Hushika joto na kula makaa machache.
2. Kuni zikaushwe vizuri, na chungu kifunikwe.
3. Mwenye uwezo wa gesi au jiko la umeme, aanzie kwa maharagwe na vyakula vikaavyo sana motoni.
4. Karafuu zianikwe juani kama tulivyofunzwa na wazee. Jua halina gharama, na karafuu iliyokaushwa kwa moshi huharibika harufu.
5. Kila mkarafuu uliokufa upandiwe mche mahali pake. Mti unaokua huivuta hewa ya ukaa na kuiweka katika shina lake.

Nasi wa ofisini tumo: chai ya mikutano yetu hupikwa kwa makaa, katika jiko bovu. Tutaanza kubadili hilo.

Kazi ya nyumbani: pimeni makaa mtumiayo wiki 1 kwa jiko la zamani, kisha wiki 1 kwa jiko jipya, hata la kuazima. Leteni hesabu zenu mkutanoni, tuzisome pamoja, inshallah.

Katibu