JINO LA PEMBE SI DAWA YA PENGO

Wazee wetu walisema: "Jino la pembe si dawa ya pengo." Methali hii ina maana pana, lakini hata tukiichukua kama ilivyo, ni somo zuri la afya. Jino la kutengenezwa ni msaada mkubwa kwa aliyepoteza la kwake, ila halitalingana kamwe na lile lililoota lenyewe.

Hata hivyo, katika familia nyingi, mtu akilalamika jino, neno la kwanza analoambiwa ni "Nenda ukaling'oe." Mara nyingi jino hilo lingeweza kuokolewa. Basi, mpenzi msomaji, mwezi huu tujifunze jinsi jino lililotoboka, lililovunjika au lililobadilika rangi linavyotibiwa, na la kufanya ikiwa jino limekwisha kutoka.

1. JINO HUHARIBIKA NAMNA GANI?

Jino lina sehemu tatu. Gamba jeupe la nje ndilo kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Chini yake kuna sehemu laini zaidi, yenye rangi ya manjano kidogo. Katikati kuna kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu.

Vijidudu vya mdomoni hula sukari iliyobaki kwenye meno na kutoa asidi. Asidi hiyo humomonyoa gamba polepole mpaka tundu linatokea. Mfupa uliovunjika huunga, lakini tundu la jino halijizibi.

Mwanzoni jino haliumi. Baadaye huuma kidogo ukinywa kitu cha baridi au ukila kitamu. Kisha maumivu huja yenyewe, hata usiku. Hapo kiini kimefikiwa. Mwishowe maumivu yanaweza kutulia ghafla, na wengi hufikiri wamepona. Sivyo. Kiini kimekufa, na usaha unaweza kukusanyika kwenye ncha ya mzizi. Mtu akivimba shavu au shingo, akashikwa na homa, akashindwa kumeza au kufungua kinywa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Uvimbe wa namna hiyo unaweza kuua.

2. KUZIBA JINO

Tundu ambalo halijafika kwenye kiini huzibwa. Daktari husafisha sehemu iliyooza na kujaza dawa inayogandamana. Zamani ilitumika zaidi ile ya rangi ya fedha yenye zebaki. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umezitaka nchi kupunguza matumizi yake. Siku hizi zipo dawa zenye rangi ya jino lenyewe.

Inafaa tujue kwamba njia mojawapo ya kuziba meno inayotumika leo katika nchi nyingi ilianzia hapa Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, madaktari wa meno waliokuwa wakifanya kazi nchini walitafuta jinsi ya kuwatibu watu wa vijijini, mahali pasipo na umeme wala mashine. Waliondoa uozo kwa vifaa vya mkono tu, kisha wakaziba tundu kwa saruji maalumu inayoshikamana na jino. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa mataifa. Kwa hiyo hata zahanati isiyo na mashine inaweza kuokoa jino, mradi awepo tabibu wa meno aliyefundishwa, na mgonjwa afike mapema.

3. KUTIBU MZIZI NA KUVIKA KOFIA

Kiini kikishaoza, kuziba juu juu hakutoshi. Daktari humchoma mgonjwa sindano ya ganzi, huondoa kiini, husafisha mifereji ya mizizi na kuijaza dawa. Meno ya mbele kwa kawaida yana mfereji mmoja; magego huwa na mitatu au zaidi, ndiyo maana yanachukua muda na gharama kubwa zaidi. Kwa kuwa gego lililotibiwa hivyo linaweza kupasuka, mara nyingi huvikwa kofia ya chuma au ya kauri. Jino la mbele lililomeguka kidogo huweza kujengwa upya kwa dawa yenye rangi ya jino, mara nyingi kwa siku moja.

Si kila jino linaokolewa. Lililopasuka mpaka kwenye mzizi, au linalolegea sana kwa ugonjwa wa fizi, huenda likahitaji kung'olewa. Lakini kabla ya kukubali, muulize daktari: "Je, jino hili linaweza kutibiwa? Gharama yake ni kiasi gani?"

4. MTOTO AKIANGUKA JINO LIKANG'OKA

Mtoto wa shule akiangukia uso, jino la ukubwani linaweza kutoka zima pamoja na mzizi wake. Usilitupe! Fanya hivi:

(a) Lishike upande wa kutafunia. Usiguse mzizi.
(b) Likiwa na uchafu, lisuuze kidogo kwa maziwa au maji safi. Usilisugue.
(c) Lirudishe mahali pake, mtoto aume kitambaa safi ili lisitoke.
(d) Ukishindwa, liweke katika maziwa mabichi ya baridi. Yasipopatikana, mtoto atemee mate kikombeni na jino liwekwe humo. Usilifunge kwenye karatasi, maana likikauka linakufa.
(e) Mpeleke kwa daktari wa meno mara moja. Likirudishwa ndani ya nusu saa, matumaini ni makubwa. Saa moja ikipita yanapungua sana.

Jino la utoto halirudishwi, maana linaweza kuumiza lile linaloota chini yake.

5. MENO YENYE RANGI YA KAHAWIA

Katika mikoa kama Arusha na Kilimanjaro, vijana wengi hufunika mdomo kwa kiganja wanapocheka. Wengine hutaniwa kwamba hawapigi mswaki. Si kweli, na si haki kuwaaibisha. Rangi hiyo imetokana na madini ya floraidi. Floraidi kidogo huimarisha jino, lakini ikizidi wakati jino bado linaumbika ndani ya taya, gamba huharibika. Miamba ya volkano ina floraidi nyingi, nayo huingia katika maji ya visima na chemchemi. Magadi ya kulainishia maharage na makande huongeza kiasi hicho.

Kusugua kwa mchanga, asidi au ndimu hakuondoi rangi hiyo, bali kunamaliza gamba lenyewe. Daktari anaweza kukwangua tabaka jembamba la juu, kutumia dawa maalumu ya kung'arisha, au kufunika uso wa jino kwa utando wa dawa au kauri yenye rangi ya jino.

Mzazi, kinga ni bora zaidi, hasa kwa watoto walio chini ya miaka minane. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri huwa na kidogo sana, na yapo machujio ya mkaa wa mifupa yanayoipunguza. Maziwa ya mama nayo yana floraidi ndogo mno.

6. PENGO LIKISHAKUWEPO

Pengo likiachwa, meno ya jirani huanza kulala kuelekea hapo, jino la upande wa pili hushuka au kupanda, na mfupa wa taya hupungua. Hata hivyo, si kila pengo lazima lijazwe. Aliyekosa gego la mwisho anaweza kutafuna vizuri tu. Zipo njia tatu:

Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua. Ndiyo ya bei nafuu zaidi, na yanaweza kujaza mapengo mengi. Yavuliwe usiku na kulazwa katika maji safi. Yaoshwe kila siku kwa brashi na sabuni, wala si kwa maji ya moto, maana yatapinda. Yakiumiza, rudi kwa daktari, usiyachonge mwenyewe.

Daraja. Jino la bandia hushikizwa kwenye meno mawili ya jirani. Halivuliwi, lakini meno hayo hupunguzwa ili yavikwe kofia. Fikiri vizuri kabla ya kuchonga meno mazima.

Kupandikiza. Skrubu ya titani huingizwa katika mfupa wa taya, na jino hujengwa juu yake. Daktari Brånemark wa Sweden alimtibu hivyo mgonjwa wa kwanza mwaka 1965. Ni njia imara ila ya gharama kubwa. Haifai kwa kijana ambaye taya bado linakua, na wavutaji wa sigara na wenye kisukari kisichodhibitiwa huwa hatarini zaidi kushindwa.

7. TAHADHARI

Jihadhari na mafundi wa mitaani wanaobandika meno kwa gundi au kuyafunga kwa waya. Chakula hunasa chini yake, fizi huoza, na meno mazima huharibika pia. Tusisahau vilevile kwamba gego la kwanza la ukubwani huota mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma ya meno ya utoto. Wazazi wengi hulidhania kuwa la utoto na kuliacha lioze. Likitoka, halina mrithi.

Basi kila mmoja apige mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, apunguze soda na peremende, na amwone tabibu wa meno kabla ya maumivu. Tundu dogo huzibwa kwa gharama ndogo. Pengo hulipiwa maisha yote.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Kwa nini jino likiacha kuuma ghafla si dalili ya kupona?
2. Mtoto wetu akianguka leo jino likang'oka, tutafanya nini kwanza?
3. Je, kuna mtu nyumbani mwenye tundu ambalo bado halimwumizi? Atakwenda kutibiwa lini?